Karatasi za Kufungia Korosho

Safina alikuwa na tabia moja iliyomchosha mama yake. Akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, kabla ya kunywa maji, aliingia chumbani, akarudisha mlango, akaandika. Haikumchukua muda. Lakini Bi Tabu, aliyekuwa uani akibangua korosho, vidole vimemwiva kwa mafuta ya maganda, aliona kama binti yake anamsengenya mtu kwa kalamu.

"Umeandika tena?"

"Nimeandika, mama."

"Leo kafanya nini?"

"Alinisubiri kwenye kona ya mashine ya kusaga. Akanifuata na baiskeli mpaka kwa fundi Josephu, anauliza mbona siku hizi najifunga ushungi hivi."

"Na hilo nalo la kuandika? Mwanamume kukusemesha njiani?"

"Ni mara ya arobaini na moja."

Bi Tabu akagonga korosho nyingine. Ilipasuka vibaya, ikatoka vipande viwili. Akaila mwenyewe, kwa kuwa korosho iliyovunjika mteja haitaki.

Aliyekuwa akiandikwa ni Thabiti, muuza vipuri vya baiskeli sokoni. Ukitaka kumtafutia ila ungehangaika: suruali imenyooka, swala safu ya mbele, wazee anawaamkia kabla hawajamwona. Mwezi wa tano mwaka ule wa 2004 alileta posa. Safina, aliyekwisha kuolewa mara moja akaachika, alisema hataki, na barua ikarudishwa kwa adabu zote. Wanaume wengine wakikataliwa hununa wiki mbili, kisha wakaposa kwingine. Thabiti hakununa wala hakuposa kwingine. Alianza kusimama njiani.

Bi Tabu hakuficha maoni yake. "Mwanamke aliyeachika hachagui kama mwali," alisema siku ya posa, na alisema tena mara nyingi baadaye, mpaka Safina akaacha kumjibu.

Daftari lilianzia polisi. Mwezi wa sita Safina alikwenda kushitaki, akampata koplo mmoja, Mathayo, mtu wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Amekupiga?"

"Hajanipiga."

"Ameingia kwenu kwa nguvu?"

"Hapana. Anasimama. Ananifuata. Juzi ametuma kanga, imeandikwa *Nimekuweka moyoni hutoki*. Nilipoirudisha akasema akinikosa yeye, hanipati mtu mwingine."

"Nani alimsikia?"

Safina hakuwa na wa kumtaja.

"Dada yangu," Mathayo akasema, "nimkamate kwa kupita njia? Andika. Siku, saa, mahali, alichofanya, aliyeona. Kila mara, hata kama unaona aibu. Ukija na maneno matupu, naye atakuja na maneno, na ya kwake yatakuwa matamu kuliko yako."

Kuandika hakukumshinda. Kule kituo cha kilimo cha Naliendele kazi yake ilikuwa kubebesha miche ya mikorosho, yaani kuunga kikonyo cha mti mzuri kwenye mche mchanga, na kila mche ulifungwa lebo: umebebeshwa lini, kikonyo kimetoka mti gani, mkono wa nani. Mche usio na lebo, hata ustawi vipi, ulihesabiwa haupo. Basi akanunua daftari la jalada la buluu, akapiga mistari, akaanza kumfungia Thabiti lebo.

Ilimchukua karibu miezi minne mpaka Mzee Abdulmalik, mwenyekiti wa mtaa, akakubali kuwaita pande zote mbili. Siku ikapangwa: Alhamisi, tarehe thelathini Septemba, baada ya swala ya alasiri. Wajomba wa Thabiti watakuwapo, na koplo Mathayo ameahidi kufika.

"Njoo na hilo daftari," mwenyekiti alimwambia Safina. "Bila hilo daftari usinisumbue."

*

Bi Tabu aliuzia korosho kwenye baraza ya fundi Josephu, hatua chache tu kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Ufukoni. Josephu, Mmakonde wa upande wa Newala, alishonea mlangoni, Bi Tabu akakaa na sinia lake pembeni, na kati yao kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki cha Bi Tabu, cha kumkalisha mteja mwenye heshima zake. Walikuwa wamekaa hivyo miaka sita, wakiazimana mkasi na habari.

Korosho alizifungia kwenye karatasi za madaftari ya zamani. Mwalimu mmoja jirani alikuwa akimletea yale yaliyokwisha, naye aliyapanga ndani ya tenga chini ya meza ya nyumbani. Asubuhi alichukua ya kumtosha, akachana, akakunja vifuko. Yalikuwa na hesabu gani, insha gani, yeye hakujua wala hakujali. Herufi za shule zote kwake zilikuwa nyayo za kuku. Aliangalia kitu kimoja tu. Karatasi yenye herufi za Kiarabu hakuifungia korosho hata siku moja. Aliiweka kando, akaizika mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa kuwa huenda ina jina la Mungu. Herufi hizo alizijua. Utotoni Mikindani alikaa chuo cha Kurani mpaka akahitimu, akaandika kwa kalamu ya tete, ila mtaani hakuna aliyehesabu hilo kuwa ni kusoma. Sensa ilipopita aliandikwa hajui, naye hakubisha.

Jumanne ya wiki ile ya kikao, meli ilikuwa bandarini na wapagazi walikuwa wengi. Korosho zilikwenda mpaka zikamshangaza. Kabla ya adhuhuri vifuko vilimwishia. Akarudi nyumbani kuongeza karatasi, akakuta tenga limebakiza madaftari mawili chini kabisa. Moja lilikuwa la buluu. Aliyachukua yote mawili, akachana huku anatembea, kwa sababu wateja walikuwa wakimwita.

Thabiti alikuja baada ya adhuhuri, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Bi Tabu akamfungia korosho. Thabiti akazimimina kiganjani, akala moja moja, akaikunjua ile karatasi juu ya goti. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Za leo tamu sana, mama," akasema. "Nipe na vifuko vingine vinne."

Bi Tabu alifurahi. Alimwombea dua alipoondoka.

*

Jua lilikuwa bado halijazama Safina alipoinama chini ya meza. Aliingiza mkono ndani ya tenga, akausogeza huku na huku. Kisha akalitoa tenga zima, akaligeuza juu chini. Likadondosha vumbi na mende mmoja.

"Mama. Madaftari yaliyokuwa humu?"

"Nimefungia. Leo biashara ilikuwa..."

"La buluu?"

"La buluu na la kijani. Lina nini?"

Safina akakaa sakafuni, viatu bado miguuni. Hakupiga kelele. Bi Tabu alimtazama, akaelewa, akashika meza.

"Yarabi! Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Sasa mwanangu, kitu kama hicho unakiweka kwenye karatasi zangu! Una chumba, una sanduku!"

"Chumbani anaingia."

"Nani anaingia?"

"Siku ile mwezi wa saba. Ulimkaribisha hapa ndani, ukamwacha ukaenda kumchotea maji. Nilirudi nikakuta sanduku langu limefunguliwa. Nikaona niliweke mahali hatafikiria."

"Si ungeniambia basi umeliweka pale! Neno moja tu!"

"Ungemwambia," Safina akasema.

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Bi Tabu. Angetukanwa angekuwa na la kujibu. Alitaka kuapa kwamba asingesema, akakumbuka jinsi alivyokuwa akikaa pale barazani, Thabiti anauliza hili na lile kwa upole, naye anajibu, maana kijana mwenye adabu akikuuliza habari za nyumbani unamjibu. 

Usiku ule hawakula pamoja.

*

Asubuhi ya Jumatano Bi Tabu hakukaanga korosho. Alijitanda kanga mbili, akaenda kudai karatasi zake.

Alianzia geti la bandari. Wapagazi walimcheka mpaka mmoja akalazimika kutua gunia. "Mama, sisi tunakula korosho, karatasi tunatupa!" Mwingine akamwambia, bila kupunguza sauti, kwamba ya kwake alikwenda nayo chooni, kama anaitaka akaichukue. Bi Tabu, mwenye miaka hamsini na tisa, aliyekuwa akiitwa mama na kila mtu, aliinama akaokota pembeni ya mtaro. Hakujua ipi ni ipi. Kila karatasi yenye mistari na mafuta aliichukua. Sokoni kwenye samaki aliokota tatu. Mama mmoja muuza pweza, aliyekuwa akimjua, alimuuliza polepole kama kichwa kinamuuma.

Saa sita mchana alifika kwa fundi Josephu na karatasi kumi na tisa ndani ya kanga. Akazimwaga juu ya meza ya cherehani.

"Nisomee, fundi. Nitolee zile za Safina."

Josephu akavaa miwani. Alitenga za hesabu upande mmoja, akabakiza kumi na moja. Ya kwanza aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya suruali.

"Jumatatu, saba Juni. Saa kumi na moja jioni. Kona ya mashine ya kusaga. Amesimama, hakusema kitu. Aliyeona: hakuna."

"Endelea."

"Jumatano, kumi na nne Julai. Saa kumi. Nyumbani. Nimemkuta ndani, amekaa. Mama alimpa kiti na maji. Aliyeona: Mama."

 Josephu alimtupia jicho, akachukua nyingine.

"Ijumaa, ishirini Agosti. Saa kumi na moja na nusu. Mbele ya..." Akasita.  "Mbele ya baraza ya fundi. Amenishika mkono, nimemwambia aniachie, hakuniachia mpaka nikapiga kelele. Aliyeona..."

"Aliyeona nani?"

"Aliyeona: fundi Josephu. Aliinamia cherehani."

 Josephu alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa.

"Niliona, mama," akasema. "Nikasema ni mambo ya wachumba. Mimi mtu wa kuja hapa. Nikasema yasinihusu."

"Soma," Bi Tabu akasema.  "Soma zote."

Akasoma zote. Karibu kila ukurasa ulikuwa na neno Mama. *Amejua saa ya kutoka kwangu, kaambiwa na Mama. Amejua nimekwenda msibani Mikindani, kaambiwa na Mama.* Ya mwisho ilikuwa imeloa mafuta mpaka herufi zimeonekana upande wa pili, na Josephu aliisogeza kwenye mwanga.

"Jumanne, kumi na nne Septemba. Saa kumi na mbili kasoro. Barabara ya Naliendele, kwenye mikorosho. Lori la kazini limeharibika, nimerudi na baiskeli. Alikuwa ananingoja. Alijua, kaambiwa na Mama. Ameshika usukani, nimeanguka, kiwiko kimechanika. Amesema siku nyingine hatashika usukani, atashika shingo. Aliyeona: hakuna. Mama nimemwambia nimeteleza."

Bi Tabu aliukumbuka mkono ule. Aliuosha yeye mwenyewe kwa maji ya chumvi, akiusema uzembe wa wasichana wa siku hizi. Alikumbuka pia mchana wake, Thabiti kwenye kiti, akiuliza Safina hajambo kazini, na yeye akijibu: maskini, leo atarudi na baiskeli, lori lao bovu. Akafunika uso kwa kanga na kulia pale pale barazani, mchana kweupe, watu wanapita.

*

Alhamisi baada ya alasiri baraza ya mwenyekiti ilijaa. Thabiti alivaa kanzu nyeupe, akakaa kati ya wajomba zake wawili. Safina aliweka mkekani karatasi zake kumi na moja, amezipanga kwa tarehe. Nzi walizifuata kwa ajili ya mafuta.

Mjomba mkubwa, Hassani, mtu wa maneno mengi, aliziangalia akacheka kwa pua.

"Mwenyekiti, tumeitwa kusikiliza daftari. Hili ndilo daftari? Mtaa mzima umekula korosho kwa hili daftari! Tena kijana wetu anazo kurasa tano, kauziwa na mama wa binti mwenyewe." Thabiti akazitoa mfukoni, safi, zimekunjwa mara nne nne. "Zinasema nini? Kasimama. Kapita. Kakaribishwa kiti. Mtu mbaya anapewa kiti na mama mtu?"

Watu wakacheka. Safina aliangalia mkeka. Koplo Mathayo alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

"Una shahidi, binti?" Mzee Abdulmalik akauliza.

"Yuko," Bi Tabu akasema, akainuka kutoka upande wa wanawake. "Niandikeni mimi."

"Bi Tabu, wewe ni mama yake. Unamtetea."

"Simtetei. Nataka kujitaja. Kila mahali alipomngojea binti yangu, mimi ndiye niliyemwelekeza. Sikujua, lakini ndiye mimi. Siku ya pili baada ya Miraji alikaa kwenye kiti changu akala korosho, nikamwambia lori limeharibika, Safina atarudi na baiskeli. Jioni yake binti karudi na kiwiko kimechanika. Muulizeni Thabiti alifuata nini kwenye mikorosho ya Naliendele, mtu ambaye duka lake liko sokoni."

"Nilikuwa napita tu," Thabiti akasema.

Alisema haraka mno. Mjomba Hassani aligeuka akamtazama. Koplo Mathayo akaanza kuandika.

"Ulikuwa unapita saa ngapi?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Thabiti aliwageukia wajomba zake. Ndipo Josephu, aliyekuwa amesimama nje karibu na ngazi, kofia mkononi, aliposema kwamba naye jina lake limo, ishirini Agosti, na kwamba kilichoandikwa ni kweli, hata kile cha kuinamia cherehani. Aliisema sentensi hiyo ya mwisho kwa shida.

Usidhani baada ya hapo mbingu zilishuka. Thabiti hakufungwa. Wajomba walisema kijana ana mapenzi tu, mwenyekiti akasema mapenzi hayashiki mtu shingo, wakavutana mpaka karibu na magharibi. Mwishowe Thabiti alitia saini kwamba hatamkaribia Safina, wala njia yake, wala nyumba yake, na koplo akamwambia akivunja atalala ndani. Kila shahidi aliwekewa karatasi mbele yake.

"Mama, weka dole gumba hapa," Mathayo akasema, akimsogezea kidau cha wino.

"Nipe kalamu."

Akaandika kuanzia kulia, polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Koplo aligeuza karatasi huku na huku. Mzee Abdulmalik akaichukua, akaisogeza mbali na macho.

"Tabu binti Rajabu," akasoma. "Ni jina lake. Kaandika vizuri."

 Njiani kurudi na mama yake, Safina alisimama dukani kwa Mpemba, akanunua daftari jipya. Walipofika nyumbani aliliweka juu ya meza, mahali pa wazi, kalamu juu yake. Bi Tabu aliliona pale. Aliogopa hata kulisogeza apate kuweka sahani, wakala mkekani.

*

Siku zikapita. Safina aliendelea na kazi, akaendelea kugeuka nyuma kila akifika kwenye kona ya mashine ya kusaga. Usingizi haukurudi wote. Kila jioni aliandika tarehe, na mbele yake akaandika *hajaonekana*, kwa sababu hata mche usiobadilika huandikwa. Na mama yake alizungumza naye mambo ya chumvi, ya maji, ya mwezi wa Ramadhani unaokaribia. La daftari la buluu hawakuligusa. Bi Tabu siku hizi alifungia korosho kwenye vifuko vya nailoni.

Jumatatu ya kumi na moja Oktoba Safina alirudi amechoka. Mama yake alikuwa uani, anabangua, mgongo ameupa mlango, na hakuuliza lolote. Safina aliketi mezani, akafungua daftari kuandika *hajaonekana*. Kalamu ilikuwa imehamishwa.

 Akafunua ukurasa baada ya ukurasa, zote tupu, mpaka akafika mwisho kabisa, nyuma, kule ambako mtu wa chuoni huanzia. Ukurasa ule ulikuwa umepigwa mistari kwa mkono usiozoea, vyumba vitano kama vyake, na ndani yake zilikaa herufi za Kiarabu, kubwa, nzito, wino umeganda penye kusita.

Safina aliacha chuo akiwa bado mdogo. Ilimbidi aweke kidole, aiunganishe herufi moja na nyingine, asome kwa midomo kama mtoto. Nje nyundo ya mama yake ilikuwa imenyamaza.

*Jumatatu. Mwezi ishirini na sita Shaabani. Baada ya adhuhuri. Baraza ya fundi. Thabiti kaja. Kasema shikamoo. Kaniuliza habari zako. Aliyeona: mimi, na Josephu. Josephu kaenda kumwita koplo.*

*Sikumpa kiti.*